Filamu Ndani ya Kopo la Maziwa

Orpha hakuwa na sauti kubwa, lakini siku za harusi wazee walimtii. Nilimwona mwezi wa Mei 2003, katika ua wa akina Chanelle kule Musaga, mtaa wa Bujumbura, akimwondoa mwalimu mkuu mstaafu kwenye kiti chake kama mtu anayehamisha chungu.

"Papa, toka huko. Njoo usimame na hawa."

"Mi niko sawa hapa."

"Uko sawa peke yako. Mu picha, apana."

Watu walicheka, mzee akaenda.

Halikuwa jambo dogo. Katika harusi zetu familia mbili huketi zikitazamana. Ni desturi, haina ubaya. Lakini siku ile, kati ya viti vya upande huu na vya upande ule, palikuwa na miaka kumi ya vita. Bibi harusi, Chanelle, ni wa Musaga. Bwana harusi, Darius, niliyesoma naye chuo kikuu, ni wa Kinama. Sitaandika nani ni kabila gani. Mtu wa Bujumbura akisikia jina la mtaa tu amekwisha kuelewa, na hiyo ndiyo aibu yetu. Waheshimiwa walikuwa wakijadili amani mahotelini, nchi za watu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanya kile ambacho Orpha alikuwa akikifanya pale kwa kuvuta watu mikono ya mashati.

Yeye ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo. Alivuka mpaka mwaka 1996 na kamera moja iliyofungwa ndani ya nguo zake, akapanga chumba katika Quartier Asiatique nyuma ya duka la vitambaa, akaanza kupiga picha za vitambulisho. Miaka ile bila kitambulisho hupiti kizuizi cha barabarani, kwa hiyo wateja hakuwakosa. Harusi alizipiga kwa rangi, filamu akazipeleka kusafishwa mjini. Lakini picha ya familia nzima aliipiga kwa ile kamera yake ya kwanza, kwa filamu nyeusi na nyeupe, akaisafisha na kuikuza mwenyewe. Alisema rangi inachujuka, na wajukuu wanahitaji kuona babu zao walikuwa na sura gani.

Basi akawapanga. Watoto chini, wanawake katikati, wanaume nyuma, Musaga na Kinama wamechanganyika hata usingeweza kuchora mstari kati yao. Akapiga mara moja. Akapiga mara ya pili. Alipokuwa akivuta filamu kwa ajili ya mara ya tatu, risasi zikaanza kulia kutoka vilimani, waliko waasi.

Watu wa Musaga wanajua kulala chini. Ua mzima ulilala. Orpha aliangukia kando ya ukuta, mahali ambapo wanawake walikuwa wamepanga mabeseni ya zawadi, kila beseni limefunikwa kitenge. Hakutaka kamera igonge saruji. Akanyoosha mkono, akaiweka juu ya kitenge kilichokuwa karibu, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Beseni lile halikuwa la zawadi. Lilikuwa la vinywaji: maji, barafu, chupa, na soda mbili tatu zilizokuwa zimepasuka humo ndani. Dative, shangazi wa Chanelle, alikuwa amelifunika ili vijana wasianze kunywa kabla ya wakati. Kitenge kikazama polepole, na kamera ikazama nacho. Risasi zilikuwa zikipita juu ya mabati, na hakuna aliyethubutu kuinua hata kiwiko. Niliuona uso wa Orpha. Hakuwa akitazama vilima. Alikuwa akitazama beseni.

Ziliponyamaza, watu wa Kinama walikimbilia magari yao. Hapo hapo, kabla hata vumbi halijatua, nikasikia huku: "Wale walijua! Umeona walivyojipanga kukimbia?" Na kule: "Walituita tuje kuuawa." Nilizisikia kauli zote mbili kwa masikio yangu, na nilitamani kupiga mtu. Watu wale walikuwa wamesimama pamoja dakika chache tu zilizopita. Sasa mahali pekee walipokuwa bado pamoja ni ndani ya kamera ile.

Chanelle alikuja na gauni lake jeupe, magoti yana matope.

"Mama Orpha, ile ya pamoja. Hizi zingine zipotee, sijali. Ile ya pamoja."

"Iko mu maji," Orpha akasema.

Kila mtu akawa fundi. Dative alitaka kuikausha juu ya mbabula, makaa yalikuwa bado yanawaka. Mwingine akasema ifukiwe ndani ya mchele. Mwingine akaanza kupanda ngazi ili aianike juu ya mabati.

"Mutu asiiguse!" Orpha aliiopoa kamera, akajaribu kukizungusha kile kishikio kidogo cha kurudishia filamu ndani ya mkebe wake. Kikakataa. Hakukilazimisha. Filamu iliyolowa, alisema, ukiivuta inapasuka.

Akatoa kwenye mkoba mfuko mweusi wenye mikono miwili ya lastiki, ule ambao wapiga picha huutumia kama chumba cha giza cha kubeba. Ndani yake akaingiza kamera, na kopo la maziwa ya unga ambalo Dative alikuwa ameliosha na kulijaza nusu kwa maji safi. Kisha akaingiza mikono yake. Tuliona kitambaa kikicheza, yeye akitazama juu, midomo imebanwa. Alipolitoa kopo, lilikuwa limefunikwa na kuzungushiwa utepe mweusi, na filamu imo ndani, imelowa vile vile.

Halafu akachukua jagi, akaimwagia kamera maji.

"Mama Orpha!" Dative akashika kichwa. "Unaiua mara ya pili!"

"Sukari ndiyo itaiua. Ikikauka na soda ndani, hata fundi wa Ulaya hatafungua."

Aliisuuza, akaikung'uta, akang'oa lenzi, akazifunga zote mbili kwa kitambaa kikavu. Nilimwuliza kwa nini filamu irudi majini tena, kana kwamba haijanywa ya kutosha.

"Ikikauka imejikunja hivyo, itagandana. Ukiibandua, picha inabaki upande mwingine. Inapaswa ikae mu maji mpaka ifike ku dawa."

"Una hakika?"

"Nasikiaka tu. Mutu alinifundisha kazi kule Uvira alisemaka hivyo. Mi sijawahi."

Jua lilikuwa bado juu, lakini magari ya abiria yalikuwa yamekatika kwa sababu ya risasi. Darius hakuweza kumwacha mkewe, kwa hiyo niliondoka mimi na Orpha, kwa miguu, tukishuka barabara ya kwenda mjini. Alitembea haraka, kopo limebanwa kwapani, na kila baada ya hatua kadhaa alilitegea sikio kama anayesikiliza yai.

Kwenye daraja la Muha askari walikuwa wameziba barabara. Mmoja wao, kijana wa rika langu, akalipiga kopo kwa kidole.

"Iko nini humu?"

"Harusi."

Akamtazama. "Kuna harusi mu kopo?"

"Ni filamu ya picha. Ukifungua hapa mu mwangaza, harusi imekufa. Sichezi, mwanangu."

"Na mi nisipofungua, pengine sisi wote tunakufa. Sichezi, mama."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Kopo zito, limefungwa utepe mweusi, linatoka Musaga baada ya risasi: hata mimi ningelikimbia. Hivyo ndivyo vita inavyotutengeneza. Kila mtu anageuka mshitakiwa, mpaka kopo la maziwa.

Orpha akaufungua mfuko mweusi, akalitia kopo ndani, akamwelekezea mikono ya lastiki.

"Ingiza mikono. Fungula weye mwenyewe. Vidole vione, macho yabaki inje."

"We kwanza."

Orpha akaingiza mikono yake, akautoa utepe, akakoroga maji humo ndani, akatoa mikono, ikidondosha maji. Kijana akampa mwenzake bunduki. Akaingiza mikono mpaka kwenye viwiko.

"Ee, dokta!" wenzake wakapiga kelele. "Anazalisha! Ni muvulana ao musichana?"

"Iko ya kuteleza," akasema, uso umejikunja. "Kama nyoka."

"Ni watu hao. Shika pembeni, usiwafinye."

"Bibi harusi iko wapi?"

"Iko na bwana wake. Toa mikono, atakusikia."

Walicheka wote, hata yeye. Lakini hakutoa mikono. Alikuwa amefundishwa kazi yake, akaifanya: akapekua mpaka chini ya kopo, akapitisha kucha kwenye ukingo wote. Orpha alifumba macho.

"Pita, mama," akasema mwishowe, akijifuta kwenye suruali. "Utuletee picha." Orpha akalifunga kopo upya humo humo mfukoni.

Tulipofika dukani umeme ulikuwa umekatika. Kusafisha filamu hakuhitaji umeme, ila giza na dawa, basi Orpha akajifungia ndani. Mimi aliniachia kamera, pamba, spiriti na kipande cha boksi cha kupepea. Nisiipeleke juani, nisiisogeze karibu na moto, nipepee tu. Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Nje wafanyabiashara walikuwa wakifunga milango mapema. Nikasimama, nikaketi, nikasimama. Kupitia mlango nilisikia maji yakimwagwa, kisha kimya, kisha maji tena. Nilijiuliza kama nchi nzima haikuwa hivyo, tumekaa nje ya mlango, hatujui kinachotokea ndani. Kisha nikajionea hasira kwa kuwaza methali badala ya kupepea.

Alitoka na filamu imening'inia kwenye vidole, akaiinua kwenye dirisha.

Picha ya kwanza ilikuwa imeumuka na kukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Imekwenda. Ya pili ilikuwa hai. Tuliwaona, weusi kwa weupe, wamepinduliwa rangi: watoto, shangazi, wazee, Musaga na Kinama bega kwa bega. Orpha aliipitisha kidole bila kuigusa. Kisha kidole kikasimama kwenye mstari wa nyuma.

"Huyu," akasema.

Mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu hakuwa na uso. Kucha za askari zilikuwa zimeukwangua utando uliolainika kwa maji, papo hapo penye kichwa. Tai ilionekana, mabega yalionekana, juu yake weupe.

"Mmoja tu," nikamwambia. "Umewaokoa wengine wote!"

Akachukua kamera kutoka mkononi mwangu, akabonyeza. Pazia la ndani likafunguka nusu, likakwama.

Orpha alipokwisha kuikuza, Chanelle alipeleka nakala moja Musaga, Darius akapeleka nyingine Kinama. Na hapo ndipo balaa lilipozuka. Kinama walikuwa wakisema kwamba Ildephonse, baba mdogo wa Chanelle, ambaye hakuwahi kuupenda uposo ule, alitoroka kwa mlango wa nyuma kabla ya picha. Musaga walikuwa wakisema kwamba Népomuscène, mjomba wa Darius, alikwepa picha kwa sababu alikuwa na habari za risasi. Wote wawili walivaa makoti ya kijivu ya mitumba. Na mtu asiye na uso alikuwa mmoja tu. Asiyekuwa yeye, basi hakusimama na wenzake.

Chanelle alichoka kusikiliza. Akamwambia kila mmoja wa wazee hao aende kumwuliza aliyepiga picha, na hakuwaambia kwamba amewapa asubuhi ile ile. Nilikuwepo nikimsaidia Orpha kuifungua kamera upya, ambayo pazia lake lilikuwa bado linakwama, wote wawili walipoingia wakipigana vikumbo mlangoni.

"Mama, sema ukweli," Ildephonse akasema. "Huyu ni nani?"

"Mi nilikuwa natazama bibi harusi."

"Ni miye. Tazama tai."

"Tai!" Népomuscène akapiga kofi meza. "Bujumbura nzima iko na hiyo tai. Weye ulipita mulango wa nyuma, watu walikuona!"

"Na weye nani alikuona? Ulikuja kula tu! Mi nilisimama ku tofali. Tofali lilikuwa linayumba, nilikaribia kuanguka, mutu akanishika koti kwa nyuma. Kama siko miye, nimejua wapi habari ya tofali?"

Népomuscène akauliza, taratibu, "Nani alikushika?"

"Nilijua wapi? Mama alituambia tusigeuke."

"Ni miye nilikushika, mujinga weye! Nilikuwa nimeinama. Mukono uliniuma mpaka mangaribi!"

Orpha alichukua kioo chake cha kukuzia, akainama juu ya picha. Kisha akanisogezea. Kwenye pindo la koti la kijivu, pale ambapo pasingepaswa kuwa na kitu, palikuwa na vidole vinne vimeikamata nguo.

Wazee wakatazama kwa zamu. Nilitaka kupiga yowe la furaha. Lakini Ildephonse alikuwa amekwisha kufikiri mbele zaidi yangu: akirudi Musaga, atasema nini? Kwamba alishikiliwa asianguke na mtu wa Kinama?

"Hivyo vidole ni vyangu," akasema. "Weye ndiye ulikuwa juu ya tofali."

"Sasa hivi umesema—"

"Nilikosea kusema!"

Orpha akawatoa nje, maana kulikuwa na wateja. Walibaki pale barabarani, picha katikati yao, kila mmoja akiwa ameshika kona. Mpiga debe wa Musaga aliita, basi likajaa, likaondoka. La Kinama nalo likaondoka. Wao bado. Mbali kule vilimani kitu kikalia, kimoja, kizito. Wakainama wote wawili kwa pamoja, mkono wa mmoja kwenye koti la mwenzake, wakasubiri, wakainuka, wakaendelea kubishana.