Punje Nyeusi Katika Hindi Jeupe

Nilipokuwa mtoto nilikula mahindi ambayo watu wa mtaa wetu wa Pito waliamini yangeniua. Niliyala mchana kweupe, wamesimama uani kwa bibi yangu wananitazama mdomo. Leo nayaandika haya mbiombio kwa sababu mwanangu amelala na akiamka sitapata nafasi tena, na kwa sababu mbegu ya mahindi yaleyale inaning'inia jikoni kwangu, na kuna watu wanataka niichome.

Bibi alinilea baada ya mama kuolewa tena upande wa Chala. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibustani cha ntumba, yale matuta ya duara tunayofukia nyasi ndani zioze, na humo alikuwa anatengeneza mahindi. Nasema anatengeneza maana sina neno lingine. Mbegu nyeupe aliachiwa na mama yake, fupi, inawahi kukomaa kabla baridi haijashuka. Nyeusi aliipata kwa mwanamke mmoja sokoni, ngumu, wadudu hawaitoboi. Bibi alitaka ziwe mbegu moja.

Mahindi yakitoa mbelewele, yale maua ya kileleni, asubuhi na mapema alikata kichwa cha hindi jeusi akakikung'uta juu ya nywele za hindi jeupe, unga wa njano unamwagika mpaka kwenye kilemba chake, huku anaongea nayo kama anavyoongea na kuku wake. "Wewe pokea. Usiniletee kibogoyo." Kibogoyo ni hindi lenye mapengo. Bua refu, lile linalolazwa na upepo wetu huu usiochoka, alilikata mbelewele kabla haijamwaga, anasema huyu asizae, atatuletea watoto wa kuanguka. Yaliyomfurahisha aliyafunga kipande cha khanga kuukuu, na hayo hayakuguswa mpaka yakauke, yaning'inizwe juu ya moto jikoni yapate moshi.

Sasa fikiria wewe ni jirani, unachungulia juu ya ua alfajiri, unamwona kikongwe mwenye macho mekundu ya moshi anakung'uta vichwa vya mahindi na kunong'ona. Jirani yetu alikuwa Mama Skola. Yeye alipanda mbegu ya dukani, nyeupe tupu, na mwaka ule alipovuna akakuta punje nyeusi ndani ya mahindi yake, moja hapa, nyingine kule.

Kwetu walisema punje ya namna hiyo ni jino. Mwenye dawa ameliuma shamba lako, jino limebaki, na mavuno yatahama yenyewe kutoka ghala lako kwenda ghala lake. Walisema mtoto akiila punje hiyo hafikii mvua nyingine. Na walisema mwenye jino akikubali mbegu yake ichomwe njia panda, anaachwa. Asipokubali, hapo hawakumalizia, na sisi watoto tulijua kwa nini hawakumalizia.

Mama Skola alikuja na watu, mwenyekiti wa mtaa nyuma yao amekunja mikono. Hakuamkia. Nilikuwa mdogo lakini hilo lilinishtua kuliko yote, mtu kuingia uani kwa bibi bila shikamoo. Akalitupa hindi chini.

"Bibi Yusta, jino lako hilo."

Yusta ni mimi. Bibi akaliokota, akaligeuzageuza. "Mbona zuri. Limejaa."

"Usinifanyie mzaha. Ghala langu halijafika nusu. Mahindi yangu yamekwenda wapi?"

"Muulize mumeo, ndiye anayeyasindikiza kilabuni."

Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa. Mwenyekiti akakohoa. "Mama, yaishe. Toa hiyo mbegu ichomwe, kila mtu arudi kwake. Sisi tunakulinda tu."

"Mnanilinda na nani?"

 Bibi akavuta kigoda karibu na mafiga, akalipukuchua lile hindi kwenye kikaango, akakaanga taratibu mpaka punje zikaanza kuruka. Akachagua nyeusi, akatafuna na meno yake yaliyobaki.

"Kaeni basi," akasema. "Msisubiri msiba mmesimama."

"Wewe huwezi kufa, ni yako," Mama Skola akasema. "Mpe mtoto tuone."

Bibi akaacha kutafuna. Mpaka leo nakumbuka taya lake lilivyosimama. Aliweza kubishana nao kuhusu ghala, kuhusu dawa, kuhusu macho yake mekundu, lakini hilo hakulitegemea, na wote wakaona hakulitegemea, na Mama Skola akaanza kutabasamu. Mimi lile tabasamu lilinichoma. Nikanyoosha mkono.

"Bibi, nipe."

Alirudi kuchagua nyeusi kikaangoni. Kisha akaniwekea punje kiganjani, za moto, nyeusi, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka juu ya kiganja changu. Nikatafuna. Zilikuwa ngumu na tamu, zina ladha ya moshi. Nilipomaliza nikampanulia Mama Skola mdomo, nikamtolea ulimi aone.

"Funga mdomo," Bibi akasema. "Huyo ni mkubwa wako."

Wakaondoka mmoja mmoja. Mbegu haikuchomwa. Mama Skola aliendelea kukuta meno kila mwaka, maana upepo haukuhama, akawa anayachambua na kuwatupia kuku wake, na kuku wake walinona kuliko wetu, jambo ambalo Bibi alilitangaza kwa kila aliyepita.

Lakini kuna kitu watu hawakukiona. Tangu siku ile Bibi alikuwa ananigusa paji la uso. Nikifagia ananigusa, nikila ananigusa, nikirudi shule kabla sijavua viatu ananigusa. Nilidhani ni mapenzi. Mvua ya kwanza iliponyesha alinivuta nje, akanisimamisha katikati ya ua nikalowa chapachapa, akacheka mpaka machozi, kisha hakunigusa tena namna ile. Siku hiyo tulipanda. Akaniambia, "Na wewe ukiitunza mbegu hii, watakuja mlangoni kwako. Usifikiri hawatakuja."

Sekondari mwalimu alichora chavua ubaoni, akaonyesha upepo unavyoibeba kutoka bua hadi bua, na mimi nikainama juu ya dawati maana macho yalikuwa yananiuma. Kumbe jino ni chavua. Niliamini kwamba nikishajua hivyo sitaogopa tena maishani.

Wamekuja. Bibi alishafariki, niko kwenye nyumba yangu, na bustani yangu ya uani imetoa mahindi mafupi manene ambayo upepo haukuyalaza. Jirani amekuta punje nyeusi kwake. Hakuja kwangu, alikwenda kwa mama mkwe wangu, nyumba ya pili kutoka hapa. Naye akaja juzi, hakukaa.

"Mwanangu, mimi sikutuhumu. Watu ndio wanasema. Choma hiyo mbegu, na mtoto asinywe uji wa mahindi hayo. La sivyo mjukuu wangu namchukua, akae kwangu mpaka akili ikurudie."

Mume wangu yuko ziwani anafuata samaki. Nilimpigia nikamweleza mbelewele, chavua, upepo, nimeongea mpaka sauti ikakauka, akasema, "Mkubalie tu mama, yaishe." Yaishe. Neno lilelile la mwenyekiti.

Naogopa, sitadanganya. Naogopa wamchukue mtoto. Naogopa watu wanaosema bila kumalizia. Na usiku nikiwa macho naogopa hata punje yenyewe, mimi niliyesoma. Ila jana nilisaga mahindi yale, nikapika uji, nikatoa kigoda uani na kuacha mlango wa ua wazi. Mama mkwe alipotokea nikampigia magoti.

"Shikamoo mama. Karibu, uji upo. Mbegu sichomi, na mtoto hatoki hapa."

Hakuitikia. Akasimama palepale mlangoni akatazama. Nikamlisha mwanangu mbele yake, na kijiko kilikuwa kinagonga ukingo wa bakuli kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Ndipo nikaelewa vidole vya Bibi. Miaka yote nilimsimulia kama mwanamke asiyeogopa kitu, na sivyo. Aliogopa kwamba huenda wanasema kweli, akaogopa kila siku mpaka mvua ikanyesha, na mbegu hakuitoa.

Mtoto akamaliza, akavuta kijiko anataka tena. Mama mkwe akageuka akaenda zake, na sijui kesho atakuja na nani. Nikamgusa mwanangu paji la uso. Lilikuwa la baridi, homa hakuna. Nikaligusa tena. Nitakuwa naligusa mpaka mvua zije, na zikija nitamfunga mgongoni, nipande.