Jina Nililoliacha Nje ya Kitabu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyomnyima bibi yangu kitu kimoja tu alichotaka kibaki duniani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu nilikivaa kama kanga mpya ya Idi.

Nilikuwa nikimpikia mwanamke wa Kiskoti aliyepanga nyumba Diani. Aliandika vitabu vya watoto. Sisi tulimwita Bi Skoti. Kila hadithi aliwasomea kwanza watoto wa jirani, na mtoto akipiga miayo, sentensi ile hukatwa pale pale. Nilimcheka sana. Mtu mzima kuogopa miayo!

Alikuwa binti wa mchunga kondoo, kutoka kisiwa cha baridi na upepo. Bibi yake alijua hadithi nyingi kwa lugha yao ya kale, lakini nyumbani lugha ile ilikatazwa, watoto wasome Kiingereza. Bibi akafa nazo. "Ndiyo maana ninaandika," aliniambia, "ila zile sizipati tena."

Basi nikampeleka Msambweni kwa bibi yangu mzaa baba, niwe mkalimani. Bibi akasimulia ngano ya msichana aliyepotea njiani akienda kutafuta chumvi. Kila baada ya kipande aliimba, akipiga makofi, akimwita msichana yule kwa jina lililokuwa humo wimboni tu, "Mwanamisi wee!" Nasi wasikilizaji huitika, "Nipo!"

Bi Skoti akauliza, "Anaimba nini?"

Mwanangu, yale maneno mengine yalikuwa ya zamani, sikuyajua. Nikaona haya kukiri mbele ya mgeni kwamba sijui lugha ya kwetu. Na yale makofi ya Bibi asiye na meno, niliogopa tutachekwa.

"Ni kelele za wazee tu," nikasema. "Hazina maana."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaweka kalamu chini mpaka wimbo ukaisha.

Kitabu kilipotoka, yeye alikuwa amesharudi kwao. Akatuletea kwa posta. Picha nzuri, karatasi inang'aa. Nikamsomea Bibi, nikimfasiria. Tulipofika mahali pa wimbo akainua mikono apige makofi. Mimi nikafunua ukurasa.

"Mwanamisi yuko wapi?" akauliza.

"Hayumo, Bibi."

Akashusha mikono, akanieleza jambo ambalo hata babangu hakuwahi kunitajia. "Kabla ya babako nilizaa mtoto wa kike. Surua ilimchukua hata chuo cha Kurani hajaanza. Hana picha, hana cheti. Nikamtia katika ngano, ili watoto wa watu wamwitikie. Nikasema, huyu mzungu akimwandika, hata nikifa mwanangu ataitwa."

Nikaanza kulia. Akanishika bega. "Basi, mjukuu wangu. Hukujua."

Laiti angenitukana! Sikujua kwa sababu sikuuliza, na kuuliza si ujinga. Miaka yote ile niliitika "Nipo" kwa niaba ya shangazi yangu, nisijue.

Nikamwandikia Bi Skoti, nikakiri uongo wangu. Alikuja mwenyewe, mzee, na fimbo, na kinasa sauti mkobani. Tulikuwa tukimngoja yeye ndipo Bibi aimbe tena, lakini alikuta arobaini ya Bibi imeshapita. Akaketi mkekani, akasema, "Basi niimbie wewe." Nikaimba mistari miwili. Wa tatu sikuujua, na hakuna aliyebaki wa kuujua. Akazima kile chombo, tukalia pamoja, yeye akimlilia bibi yake, mimi wangu.

Kitabu kilipochapwa tena alilitia jina la Mwanamisi kwenye ukurasa wa mbele. Jina peke yake, bila wimbo. Naye Bi Skoti sasa ni marehemu.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Mimi huyu mjukuu ninaishi naye. Mtu akikupa maneno yake uyafikishe, yafikishe yote, hata yale unayoyaonea haya. Usilolijua, sema hujui. Haya hiyo ni ya dakika moja, yangu imenifuata mpaka uzeeni. Na mzee wako akiimba jambo usilolielewa, weka simu chini umuulize leo, angali ana pumzi ya kukujibu.

Mola akujaalie ulimi mwaminifu. Akujaalie na watu wa kukutaja utakapokuwa huwezi tena kuitika. Amin.