Dada Mwenye Masharubu

Mabati yalinguruma, nami nikajitupa chini ya benchi. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, na mtu mwenye akili timamu aliposikia kishindo mjini Koboko hakungoja kujua chanzo chake. Nilipochungulia, nikaona watazamaji wakizipiga ngumi kuta za mabati za ukumbi wa sinema, wakicheka hadi machozi.

"Mwalimu, toka huko chini!" aliniita mama Mnubi aliyetukatia tikiti, ambaye pia alikuwa amejiteua kuwa mkalimani wetu. "Risasi hakuna. Huyu bibi iko naita mwanaume dada! Na masharubu yote ile!"

Nilikuwa nimetoka chuoni Kampala kuandika tasnifu ya uzamili kuhusu mwigizaji mmoja wa filamu za Kibengali. Filamu zake zilibaki huku Wahindi wenye ukumbi walipofukuzwa. Hazikuwa na tafsiri, nami sikujua Kibengali, upungufu ambao katika utangulizi niliuita "uhuru wa kimbinu".

Katika filamu za mwanzo aliigiza mkaza mwana mtiifu, mtandio hadi puani. Baadaye akawa mjane mvuta sigara, kisha mke anayemfungia mumewe nje mvua ikinyesha. Nilihitaji kuonyesha ujasiri huo ulianzia wapi hasa. Bila hoja hiyo sikuwa na tasnifu. Sasa nilikuwa nayo: alimdhalilisha mwanamume kwa neno moja, tena bila kutabasamu. Nilirudi nilikopanga, mtaa wa Awindiri mjini Arua, nikaandika sura nzima, nikitenganisha "dada" la kejeli na "dada" la uasi. Nikaituma kwa basi kwa msimamizi wangu, aipeleke kwa watahini.

Wiki iliyofuata ukumbi wa Arua ukaonyesha filamu nyingine, yenye bwana yule yule wa masharubu. Alikuwa akililia maiti ya mama mzee. Mwigizaji wangu akaingia, akaiangukia maiti hiyo hiyo. "Ma!" wakalia wote wawili. Kisha akamfuta bwana yule machozi, akamwita kwa upole, "Dada."

Mama yao mmoja. Kwa Kibengali, basi, dada ni kaka.

Nilijaribu kujitetea. Huenda wafiwa wa huko hutaniana. Huenda bwana yule alikuwa dada kweli, na masharubu ni ya bandia. Nilikwenda posta, nikaondoka, nikarudi, nikasimama, hadi karani akachoka.

"Mama, wewe iko napiga simu ao iko nalinda mlango?"

Nikapiga.

"Mwalimu, usiipeleke ile sura! Dada ni kaka!"

"Nani?" akauliza msimamizi wangu, Mmombasa asiyependa kuharakishwa.

"Dada! Ni kaka!"

Foleni nyuma yangu ikasogea karibu, isikose neno.

"Sijaipeleka, mwanangu, i hapa mezani. Lakini hebu nieleze taratibu. Huyo mwigizaji wako, ni wa kike au wa kiume?"