Nusu Kilo ya Mapafu

Kaka yangu alimleta mbwa yule nyumbani siku alipomaliza kibarua chake Kariandusi. Alikuwa amefanya kazi kule machimboni karibu mwaka mzima, na jike huyo wa rangi ya kahawia alikuwa akilala nje ya kibanda chake.

"Nikimwacha kule atakufa," aliniambia akimshusha kwenye pikapu. "Hana mtu."

Nilimtazama nikafikiri hata hapa kwetu huenda akafa. Mbavu zilihesabika. Mifupa ya nyonga ilichomoza chini ya ngozi kama vigingi chini ya turubai. Alisimama pale alipowekwa, hakunusa lango wala hakuwatazama kuku, kisha akajilaza taratibu.

Baba alitoka nje, akamzunguka mara moja. Alikuwa amepita miaka sabini, mstaafu wa kiwanda cha mafuta ya kupikia hapa Nakuru, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi akiwa kijana na hakurudi tena. Alifuga mbwa maisha yake yote na hakuwahi kumnunulia hata mmoja chakula. Mbwa alikula kilichobaki mezani.

"Atakula ugali, atanona," alisema. "Mpeni mwezi mmoja."

Mimi nilikuwa nimerudi kuishi naye baada ya mama kufariki. Nafundisha shule ya msingi iliyo karibu, sina mume wala mtoto, na nyumba ile ya vyumba vitatu ilikuwa kubwa mno kwa mzee mmoja. Tulielewana, ila hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Jioni tulikula, tukasikiliza habari kwenye redio, tukalala.

Usiku huo wa kwanza, kaka akiwa ameshaondoka kwenda kwake, nilimwekea mbwa ukoko wa ugali uliolowekwa kwa mchuzi wa sukumawiki. Alinusa, akalamba mchuzi kidogo pembeni, akarudi nyuma hatua mbili. Asubuhi chakula kilikuwa palepale, kuku wakikidonoa. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Nilimchemshia mfupa, aliubeba hadi kwenye ua, akauweka chini, akaulalia bila kuutafuna.

"Hii mbwa inaringa," Baba alisema. "Iache. Njaa itaifundisha."

Nilijaribu omena, akala tatu akaacha. Nikajaribu wali, akachagua punje chache kama mgonjwa wa hospitali. Kila alipoacha chakula alitutazama na kuinamisha masikio, mfano wa mgeni anayeomba radhi kwa mwenye nyumba. Wiki mbili zikapita hivyo. Tumbo lake likazidi kubonyea.

Kisha Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukamkuta kando ya ua, mdomo umejaa udongo. Alikuwa akila udongo. Baba alipomwita alijaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikamsaliti akaketi tena. Baba alivua koti lake la kanisani, akalikunja, akalilaza chini yake.

"Mama," aliniita, kama anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "pigia yule daktari wa ng'ombe simu."

Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu aliyezunguka kwa pikipiki akitibu ng'ombe wa watu hadi Rongai. Alikuja siku hiyohiyo, gambuti zake zikiwa bado na tope la shamba fulani. Aliupapasa mwili wote wa mbwa polepole, kisha akafungua mdomo wake na kuumulika kwa simu.

"Mzee, hebu sogea uone hapa."

Baba aliinama. Magego mawili yalikuwa yamevunjika hadi kwenye fizi, na fizi yenyewe ilikuwa imevimba, nyekundu, ikitoa usaha.

"Huyu haringi," daktari alisema. "Huyu anaumwa. Pengine alikuwa akitafuna mawe kule machimboni, njaa ikizidi. Kila akitafuna anaona moto. Na nina hakika ana minyoo pia."

Baba aliendelea kuinama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akang'oa magego yale juu ya meza yetu ya nje, akatuachia dawa ya vidonda na ya minyoo. Kisha akatupa masharti. Chakula kiwe laini na cha uvuguvugu. Kisitiwe chumvi wala kitunguu. Apewe kidogo kidogo, mara nne kwa siku.

"Mkimpa sahani nzima kwa furaha mtamuua," alionya. "Tumbo lililozoea njaa hushtuka. Mchemshieni mapafu, myakate madogo kabisa, mchanganye na wali ulioiva sana na boga. Yai moja moja. Na mumpime kila wiki, msikisie kwa macho. Macho hudanganya mtu anayetaka kuona kitu."

Kwa kuwa mimi nilikuwa shuleni mchana kutwa, kazi ilimwangukia Baba. Sikutarajia kuwa angeimudu. Huyu ni mtu ambaye sikuwahi kumwona akiwasha jiko kwa sababu nyingine isipokuwa kupasha maji ya kuoga. Lakini nilirudi jioni ya kwanza nikamkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, bakuli katikati ya magoti, akiponda boga kwa uma. Mbwa alikuwa amekaa mbele yake. Baba alitwaa donge dogo, akalipulizia, akaliweka kwenye kiganja, akangoja. Mbwa alinusa kiganja. Akamtazama usoni. Akalamba. Donge likaisha.

"Ukimwekea bakuli na kuondoka, hali," Baba aliniambia bila kugeuka. "Nimejaribu. Lazima ukae."

Akatwaa donge lingine. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama yako nilikuwa namwekea sahani, naondoka. Nilidhani mgonjwa hapendi kutazamwa akila."

Miezi ya mwisho ya mama nilikuwa nikija wikendi tu, na mara zote nilikuta sahani imefunikwa kando ya kitanda, chakula kimepoa. Nilikuwa nimemlaumu Baba kimoyomoyo kwa sahani zile. Nilivuta ndoo, nikaigeuza, nikaketi karibu naye mpaka bakuli likaisha.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajafika, tulimpeleka mbwa kwenye mashine ya kusaga unga iliyo mtaani. Baba alipanda juu ya mizani ya magunia akiwa amembeba, kisha akapanda peke yake, nami nikatoa hesabu. Mara ya kwanza alikuwa na kilo kumi na moja. Wiki iliyofuata, kumi na moja na kidogo. Wiki ya tatu alishuka, kwa sababu alikuwa ameharisha siku mbili, na Baba alirudi nyumbani amenuna kama kijana aliyefeli mtihani. Wiki ya tano alifika kumi na tatu, na jioni hiyo Baba alinisimulia habari za mbwa hadi redio ikasahaulika.

Kitu ambacho sikukijua ni namna alivyokuwa akiyapata mapafu.

Jumamosi moja alasiri, kina mama wanne wa kanisani kwetu waliingia uani bila taarifa. Mmoja alibeba unga, mwingine maharagwe, wa tatu mafuta na sukari, na kiongozi wao, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa amekumbatia kuku hai. Tuliwaketisha sebuleni. Waliimba, wakaomba. Katika sala kiongozi alimwomba Mungu awakumbuke wazee ambao kiinua mgongo kimewaishia na meno yamewaacha. Nilifumbua jicho moja nikamtazama Baba. Alikuwa amefumbua yote mawili.

"Mzee wetu," kiongozi alianza baada ya amina, "tumesikia hali yako. Usione haya. Kula mapafu kila siku si dhambi, lakini sisi ni familia, ungetuambia."

"Mapafu?" nilidakia.

Ndipo mambo yalipotoka. Kwenye bucha, mwenye nyama alimuuliza Baba siku ya kwanza kama mapafu yale ni ya paka. Baba akajibu ni yake mwenyewe, na ayakate madogo madogo kwa sababu meno yake hayana nguvu. Tangu hapo, kila asubuhi, nusu kilo. Foleni nzima ilisikia. Mtaa ukakamilisha mengine: mzee amefilisika, na binti yake mwalimu anamwachia mapafu huku yeye akila vizuri shuleni.

Nilihisi uso ukiwaka. Kabla sijafungua mdomo, mbwa aliingia kutoka nyuma. Ilikuwa saa ya chakula chake cha alasiri. Aliwapita wageni, akakaa mbele ya Baba, akaweka kidevu juu ya goti lake.

Baba alimtazama mbwa, akatazama kuku, akatazama zulia.

"Ni ya huyu," alisema. "Mimi nakula vizuri. Binti yangu ananitunza. Nilidanganya."

Mama mmoja mzee aliyeketi kwenye kona akaanza kutikisika mabega. Alijaribu kujizuia kwa kujifunika uso na leso, ikashindikana, akacheka hadi machozi yakamtoka, na wawili wengine wakamfuata. Kiongozi hakucheka.

"Mzee," alisema, "kuna watu mtaa huu wanalala njaa. Na wewe unapikia mbwa mapafu na mayai?"

"Ndiyo sababu nilidanganya," Baba alimjibu. "Pale bucha watu husimama wakiomba wakatiwe hata kipande cha supu. Ningesemaje mbele yao kwamba nanunulia mbwa? Lakini hii ilikuwa inakufa hapa uani kwangu, na mimi nilikuwa nikisema inaringa."

Kiongozi alikuwa bado amekumbatia kuku wake.

"Hivi vitu vipelekwe panapostahili," Baba aliendelea. "Kule nyuma kuna mama anayelea wajukuu watatu peke yake. Nimekuwa nikimpita kila siku na mfuko wangu wa mapafu. Twendeni sote."

Tukaenda. Baba alibeba unga begani, nami nikaongeza mchele wetu na mayai yaliyokuwepo. Yule bibi alitufungulia mlango akiwa na mtoto mgongoni, akatutazama mmoja mmoja akitafuta habari za msiba nyusoni mwetu. Watoto walimtaka kuku papo hapo. Baba aliahidi kurudi siku inayofuata kurekebisha mlango wao uliokuwa ukining'inia kwa bawaba moja, akarudi kweli, na ameendelea kwenda.

Tulipokuwa tukirejea, kiongozi alitembea kando yangu.

"Yule mbwa anapenda boga?" aliuliza, macho yakiwa barabarani.

"Sana."

"Dada yangu analima Keringet. Huwa analeta maboga hadi yanaoza." Akageuka kunitazama. "Msimpe mbegu."

Ilichukua miezi minne mbwa kufikisha kilo kumi na nane. Daktari alipita siku moja akielekea kwa ng'ombe wa mtu, akambonyeza mbavu, akasema sasa inatosha, tupunguze milo iwe miwili. Baba alikubali mbele yake. Kwa wiki nzima baadaye niliendelea kukuta bakuli la tatu limeoshwa na kuanikwa kwenye ua.

Ugali hajawahi kuula hadi leo. Wala hali akiwa peke yake. Ukimwacha na chakula chake na kuingia ndani, anakuja mlangoni kukutafuta. Jana mvua ilikuwa kubwa, kwa hiyo Baba alimwingiza jikoni, akavuta kigoda chake karibu na jiko, nami nikaleta sahani zetu mbili huko huko. Tulikula watatu tukisikiliza mabati. Baba alinisimulia jinsi mama alivyokuwa akipenda ndizi mbichi za kuchemsha zilizopoa, jambo ambalo sikuwahi kulijua, na mbwa alimaliza wa kwanza.