Aanyu Hakojoi Mchana

Mimi Asekenye, nauza mukene, dagaa kavu, hapa Busia, na hii mdomo yangu inajulikana mpaka ng'ambo, Kenya. Ukinikosea, hata ukifa nakuja matanga kukukumbusha.

Mjukuu yangu Aanyu ako na miaka saba. Hatembei, haongei. Mama yake alikufa, mimi nikamchukua. Kutwa analala kwa mkeka nyuma ya meza yangu sokoni. Jioni Resty, mke ya kijana yangu, ndiye anampikia.

Sasa Aanyu akaanza kukonda, homa kila wiki. Nikajua tu: Resty anamnyima chakula! Nikabeba Aanyu, nikamkokota Resty mpaka kwa daktari Tororo, aaibike mbele ya watu.

Daktari Okedi, kijana tu, akafinya ngozi ya tumbo ya Aanyu. Ikabaki imesimama.

"Jaja, bibi yangu, maji anakunywa saa ngapi?"

"Jioni."

"Na mchana?"

"Mchana nini? Akunywe, akojoe, wateja wafunge pua? Huyu nimemfundisha. Ni mkavu! Uliza soko yote."

Nilisema na kifua mbele, kama mtu anangoja zawadi. Resty aliangalia chini.

"Jaja, hujamfundisha. Umemnyima. Hawezi kuomba, ndiyo maana hujasikia kiu yake. Hii homa inatoka kwa mkojo: bila maji, unashika ugonjwa."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa."

"Sasa?"

"Sasa leta kikombe."

Aanyu alikunywa vikombe tatu. Ya tatu aliuma na meno, ikakataa kutoka.

Daktari akasema lazima aandikie ofisi ya ustawi ya watoto.

"Watamchukua?"

"Watakuja kuangalia kwanza."

Nikatafuta mtu ya kutukana. Nikageukia Resty: "Na wewe ulikuwa unanyamaza!"

"Mama, nilikuambia mwaka jana. Ulinifukuza jikoni na mwiko."

Kumbe ni kweli. Tena nilikuwa nimesimulia hiyo mwiko soko yote, tunacheka.

Jumanne mama wa ustawi akafika sokoni na karatasi. Akauliza nani alikuwa anamnyima mtoto maji. Wateja wote masikio nje. Ningesema Resty, nani angebisha? Mdomo, hii ya kujulikana, ikakauka.

"Ni mimi," nikasema. "Miaka mbili. Sasa anakunywa. Mguse."

Akaingiza mkono chini ya Aanyu. Mkeka ilikuwa imelowa mpaka kwa mgongo. Akajifuta, akaandika.

"Mpe nguo kavu. Mtoto anabaki hapa. Narudi mwezi ujao."