Sponji Zilizomfuta Baba

Mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu ilishawahi kuniumbua mbele ya kanisa zima.

Sponji za masikioni za hedifoni yangu zilibanduka wiki niliyokuwa nachanganya sauti za kwaya ya baba. Nilikuwa nimeshawarekodi kwao Iringa, kazi iliyobaki ilikuwa ya kompyuta, hapa kwangu Mbeya. Baba aliimba besi, ile sauti nzito ya chini. Siku chache baada ya kurekodi alipasuliwa koo, na daktari alishatuambia sauti yake haitarudi. Ilibaki kwenye mashine yangu tu.

Sponji orijino zilikuwa za kuagiza Dar na kusubiri wiki mbili. Uzinduzi wa wimbo, kanisani kwao Iringa, ulikuwa Jumapili iliyofuata. Muuzaji wa soko la Mwanjelwa akaniwekea mezani nyingine, nene na laini.

"Hizi si za kampuni, kaka, ila zinaingia. Nani atajua?"

Nikazibonyeza kwa kidole gumba, nikajiambia sponji ni sponji, nikabeba.

Nilipozivaa, besi ilijaa masikioni mpaka nikakunja uso. Nikawalaumu wazee wa besi kwamba walisogelea mno maiki. Nikawapunguza sauti, nikasikiliza, nikawapunguza tena. Roho ilinisuta nijaribu kwenye spika kwanza, nikaipuuza, maana nilikuwa nimechoka na nilitaka kumaliza.

Siku ya uzinduzi kwaya haiimbi. Wimbo unapigwa kwenye spika, wanakwaya wanacheza na kufuatisha kwa midomo. Ndiyo maana baba naye alishonewa suti, akasimama mstari wa nyuma, kitambaa shingoni. Mimi nilikaa kwenye mashine. Soprano zikaingia vizuri. Zikaja alto. Zamu ya besi ilipofika, wanaume sita walifungua midomo na kanisa likasikia kinanda tu.

Baba alifunga mdomo, akanitazama. Nikapandisha besi ya spika. Kinanda kikaunguruma, wazee hawakutokea. Watu wakaanza kugeuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na bado zilibaki beti tatu.

Nyumbani nilimweleza baba mbiombio. Kwamba zile sponji zilinidanganya, zinaiongeza besi kuliko ilivyo. Kwamba sauti yake iko salama, orijino zikifika nitachanganya upya. Nilijisikia naomba msamaha kwa maneno ya fundi, na nikajichukia.

Akanyoosha mkono, akataka hedifoni. Akaivaa, nikampigia wimbo uleule. Alifumba macho. Besi ilipoingia, midomo yake ikaanza kuifuata, neno kwa neno, hadi mwisho. Kisha akaivua na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Humu nipo, mwanangu," alinong'ona. "Ila waliokuja kunisikia walikuwa kule kanisani."