Dada Alinikaribisha Nirudie Kidato cha Nne

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, mwalimu, mzaliwa wa upande wa Rangwe. Nimesoma visa vya wenzangu hapa kimya kwa muda mrefu. Leo naleta changu, na mnivumilie, maana nimezoea kueleza jambo kutoka mwanzo.

Katikati ya miaka ya tisini nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikapata C plain. Kwa vijana mnaosoma hapa, gredi ya mwisho ilikuwa wastani wa masomo, si somo moja. Kiswahili na historia nilipata B, lakini hesabu ilinipa E, na E moja huburuta wenzake wote chini. Chuo cha ualimu nilichokitaka kilitaka C+. Nilikosa hatua moja tu. Wala hukuruhusiwa kurudia hesabu peke yake. Ulirudia mtihani mzima, na shule nyingi hazikutaka warudiaji.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa karibu na Rongo. Alikuja nyumbani mwenyewe akamwambia baba mbele yangu, "Nipeni huyu mtoto. Shule ya kutwa iko karibu na kwangu, na mwalimu mkuu namjua. Nitamwandikisha arudie." Nililia kwa furaha. Nilimwona dada kama mama wa pili.

Nikavaa sare tena nikiwa na miaka ishirini, nikakaa na watoto walioniita "shangazi" darasani. Sikujali. Nilisoma, jamani! Kufikia muhula wa pili, hesabu yangu ilikuwa imetoka E hadi C. Mwalimu wa hesabu akaniambia, "Ukishikilia hapo, C+ ni yako, hata B- sishangai." Dada nilimuuliza kuhusu kuandikishwa kwa mtihani, akasema, "Hilo nilimaliza zamani. Wewe soma."

Hapa lazima nieleze desturi. Kwetu sisi Wajaluo, mume wa dada yako ana ruhusa ya kukutania. Atakuita "mke wangu mdogo" nawe utamjibu, "Mke gani hanunuliwi hata sabuni?" na hakuna atakayekasirika. Kwa hiyo shemeji aliponiita hivyo, nilicheka. Mama mkwe wa dada alinikuta na vitabu akasema, "Wewe, hizo hesabu zitakupikia ugali?" Nikacheka. Wanawake mtoni wakaniuliza kama nyumba yangu pale kwa shemeji itaezekwa nyasi au mabati. Nikawajibu, "Mabati, tena mekundu!" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Nilidhani sote tunacheka jambo moja.

Kisha siku moja watahiniwa wakaitwa mbele kupewa nambari zao za mtihani. Kila mtu akaitwa, mimi sikuitwa. Nikamfuata mwalimu mkuu ofisini. Alinitazama kwa mshangao.

"Binti, kwani dada yako hakukuambia? Mwanzo wa mwaka alisema wewe hutafanya mtihani. Alisema unakaa na wenzako darasani tu, ukingoja mambo yenu ya nyumbani."

"Mambo gani, mwalimu?"

Akainamisha kichwa. "Muulize yeye. Mimi nilidhani mmeelewana. Na uandikishaji ulifungwa kitambo."

Nilimkuta dada jikoni akimenya viazi vitamu. Nikamuuliza jina langu liko wapi. Hakujifanya kutojua.

"Keti, nyaminwa," akasema, yaani dada yangu. "Miaka saba sijapata mtoto. Mume wangu ana mwanamke Masara, huko kwenye migodi ya dhahabu. Mke wa pili ataletwa hapa, nitake nisitake. Afadhali awe wewe, damu yangu, kuliko mgeni atakayenicheka."

"Na mtihani wangu?"

"C inamtosha mtu wa kukaa nyumbani."

Nilirudi Rangwe siku hiyo hiyo, nikiwa na sare mwilini. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Nilipomweleza, hakushtuka, na hapo moyo wangu ukapasuka mara ya pili.

"Dada kumleta mdogo wake nyumbani kwake si jambo geni," akasema. "Wengi wameolewa hivyo."

"Mama, ulijua?"

"Tungekuambia, ungeenda?"

Mama mdogo wangu aliyekuwa akiuza samaki Homa Bay mjini ndiye aliyenichukua. Mwaka uliofuata nilijiandikisha mwenyewe, nikasimama pale mpaka nikaona jina langu limeandikwa. Nikapata C+, nikaenda chuo, nikawa mwalimu. Yule mwanamke wa Masara hakuletwa kamwe. Dada naye baadaye alijaliwa watoto watatu, watoto wazuri wanaonipenda, ambao hawajui lolote.

Ndio hao wanaomfanyia mama yao sherehe ya shukrani kanisani mwezi ujao. Kijana wake mkubwa alinipigia simu akasema, "Mama mdogo, wewe ndiwe ushuhuda wetu. Utueleze jinsi Mama alivyokupokea ukarudia shule mpaka ukawa mwalimu." Kumbe hadithi hiyo ndiyo wamelelewa nayo.

Nikampigia dada. Nikamuuliza kwa nini aliwaambia watoto hivyo. Akasema, "Waambie tu ulikaa kwangu ukasoma. Si ni kweli?"

Hajawahi kuniomba msamaha, nami sijawahi kuudai. Tumesalimiana miaka yote hii, tumezika wazazi pamoja. Ningeweza kuendelea hivyo. Lakini kusimama mbele ya kanisa zima nimshukuru kwa mwaka ule alioninyima, hilo siliwezi. Nikikataa, wanawe watauliza sababu. Nikisema kweli, nitamvunjia mama yao heshima mbele ya watu, siku yake.

Ninyi mnaojua uchungu wa ndugu, nishikeni mkono. Nikiitwa mbele siku hiyo, niseme nini?